Nimetubu kwa Mungu, je, lazima niseme mbele ya kwaya?

SWALI: Mchungaji, shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mweka hazina wa kwaya, huu ni mwaka wa sita. Miaka mitatu iliyopita tulichangishana ili tununue kinanda. Mwanangu akarudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, nikachukua shilingi 240,000 kwenye mfuko nikijua mwisho wa mwezi nitarudisha. Sikurudisha. Nikachukua tena mara mbili, jumla ikafika 640,000. Baadaye nilirudisha 400,000 kidogo kidogo bila mtu kujua, na kwenye taarifa ya mwaka niliandika kwamba bei ya kinanda ilipanda. Dada aliyekuwa katibu wetu, ndiye aliyeshika daftari la michango, alihama kwaya wakati ule maana maneno yalikuwa mengi. Nimetubu kwa Mungu kwa machozi, na Zaburi ya 51 inasema tumemtenda dhambi Yeye peke yake. Sasa nimependekezwa kuwa mzee wa kanisa. Mke wangu anasema ninyamaze nimalizie deni taratibu. Mimi nafikiri nikatae tu kwa unyenyekevu, niseme sistahili, yaishe. Je, Biblia inanidai zaidi ya hapo?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Amina.

Inakudai zaidi, ndiyo. Nakuambia mapema usije ukasoma hadi chini ukitafuta mlango wa nyuma. Lakini inavyokudai ni tofauti na unavyoogopa, na kuna mahali imekupunguzia kuliko unavyodhani.

Tuanze na hiyo Zaburi, kwa sababu si wewe wa kwanza kuniletea mstari huo. "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Wakosaji wengi tunaupenda, maana ukisomwa peke yake unamwondoa jirani mahakamani. Sasa panda juu kidogo, usome kichwa cha zaburi, yale maneno madogo tunayoyaruka kanisani. Yanasema ni zaburi ya Daudi, nabii Nathani alipomwendea baada ya habari ya Bathsheba. Tukio limetajwa. Mwanamke ametajwa. Na kabla ya hayo pameandikwa neno moja ambalo wewe mwanakwaya ungepaswa kuliona kabla yangu: "Kwa mwimbishaji." Toba ya mfalme ilikabidhiwa kiongozi wa waimbaji iimbwe. Yule aliyesema "Wewe peke yako" hakuwa anataka siri. Alikuwa anakiri kwamba mwenye sheria aliyoivunja ni Mungu, hata alipomdhulumu Uria, mume wa Bathsheba. Na alipokuwa bado hajajua kuwa kesi ni yake, Nathani alipomsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, Daudi mwenyewe alitoa hukumu: alipe mara nne. Soma 2 Samweli 12 ukitulia.

Hizo "mara nne" Daudi hakuzibuni. Ziko Kutoka 22: mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumuuza alipe kondoo wanne kwa mmoja, na wa ng'ombe alipe watano. Akikutwa na mnyama bado yu hai mkononi mwake, alipe mara mbili. Hiyo ndiyo bei ya aliyekamatwa. Halafu fungua Hesabu 5, mstari wa 6 na wa 7, pamoja na Walawi 6 mwanzoni. Pale kuna mtu mwingine: huyu hakukamatwa, amehukumiwa na dhamiri yake, amekuja kwa miguu yake mwenyewe akaungama. Huyu anarudisha kile alichochukua kwa utimilifu wake, na juu yake anaongeza sehemu ya tano. Basi. Hapigwi mara nne wala mara mbili. Torati yenyewe, ambayo tumezoea kuiona kali, imemwekea nafuu mtu anayekuja kabla hajafuatwa.

Wewe bado uko upande wa moja ya tano. Hujakamatwa. Hiyo si hoja ya kukaa kimya, ni hoja ya kuharakisha.

Hebu tupige hesabu, maana nimeona kwenye barua yako tarakimu zinakaa mwanzo na machozi yanakaa mwisho, na vitu hivyo viwili havijakutana. Moja ya tano ya 640,000 ni 128,000. Jumla 768,000. Umerudisha 400,000. Imebaki 368,000. Mtu akiniuliza kama Mkristo amefungwa na ile sehemu ya tano ya Walawi, nitamwambia hapana, hatuko chini ya taratibu za sadaka ya hatia. Ila siioni sababu ya mtu aliyesamehewa bure kutaka kulipa pungufu kuliko mtu wa Torati. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, naye alikuja mwenyewe, kwa hiyo kwa sheria ingemtosha moja ya tano. Akajichagulia adhabu ya mwizi wa kondoo: "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Na Yesu, kwa jinsi Luka alivyotuandikia, hakuwa amemtajia fedha hata kidogo. Alikuwa ameomba kukaribishwa nyumbani tu.

Ile 400,000 sasa. Uliiandikaje? Hukusema, nami nimelisoma swali lako mara tatu nikitafuta. Fedha haiingii kwenye mfuko wa kwaya bila maelezo. Kama uliitia kama "mchango wa msamaria mwema", au ulituma kwa simu ukaandika "mtu wa Mungu", basi inawezekana kuna siku kwaya ilisimama ikamshukuru Mungu kwa ajili ya mfadhili ambaye ni wewe. Sikucheki. Nakuonyesha tu kwamba fedha iliyorudi kwa siri huzaa uongo mwingine ili ipate pa kukaa.

Ndiyo maana kosa lako kubwa, kwa macho yangu, si zile fedha. Mtoto amerudishwa nyumbani, baba ana fungu la watu kabatini, mwezi uko katikati: ni wizi, lakini ni wizi ambao nusu ya wasomaji wa jibu hili wanaujua ladha yake. Kosa lenyewe lilikamilika ile siku ulipokaa chini, ukashika kalamu, ukaandika kwamba bei ya kinanda ilipanda. Anania na mkewe Safira katika Matendo 5, waliouza shamba lao, hawakuhukumiwa kwa kubakiza sehemu ya fedha. Petro anasema wazi: "Kilipokuwa kwako, hakikuwa mali yako?" Wangeweza kubaki na shamba lote. Walichofanya ni kuleta sehemu mbele ya mitume wakisema ndiyo yote. Kwa lugha ya siku hizi, walisoma taarifa ya fedha ya uongo mbele ya kanisa. Taarifa yako bado iko kwenye faili, imegongwa muhuri, na kila mwaka hesabu mpya zinaanzia pale ilipoishia. Dhambi nyingine hupita zikawa jana. Hii inasomwa upya kila mkutano mkuu wa kwaya.

Paulo alilijua hatari hilo. Alipokuwa akipeleka mchango wa makanisa kwa watakatifu wa Yerusalemu hakusema "Mungu anaujua moyo wangu." Aliongozana na ndugu wengine walioteuliwa na makanisa, akaeleza kwa nini: wasipate mtu wa kuwalaumu, wakiangalia yaliyo mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele za wanadamu." Ni 2 Wakorintho 8, mstari wa 20 na 21. Mtume mzima alitaka watu wa kumkagua.

Nije kwenye unyenyekevu wako, na hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Unataka kusimama mbele ya baraza useme, "Ndugu zangu, mimi sistahili." Unajua kitakachotokea? Watakupigia makofi. Watasema tazameni mtu mnyenyekevu. Mama mmoja atakutolea mfano kwenye jumuiya yake Jumatano. Utakuwa umesema maneno ya kweli kabisa, kila neno, na umedanganya kuliko ulivyodanganya kwenye taarifa. "Sistahili" isiyo na sababu ni sifa. Kila mzee wa kanisa huisema siku ya kuingizwa kazini, ni kama kupiga hodi.

Angalia jinsi Luka alivyopanga habari zake. Sura ya 18 kuna mtoza ushuru hekaluni anajipiga kifua: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Akashuka nyumbani amehesabiwa haki, hilo halina ubishi. Sura ya 19, hata ukurasa haujageuka vizuri, mtoza ushuru wa pili, Zakayo, anasimama na kutaja mafungu: nusu kwa maskini, mara nne kwa niliowadhulumu. Sidhani Luka aliwaweka jirani kwa bahati. Wa kwanza yuko mbele za Mungu, na pale "mwenye dhambi" inatosha kwa sababu anayesikiliza anazijua hesabu. Wa pili yuko sebuleni, mbele ya majirani aliowatoza zaidi, na pale panahitaji tarakimu. Wewe umeshakuwa yule wa sura ya 18, nakuamini. Unachojaribu ni kupeleka maombi ya sura ya 18 kwa watu wa sura ya 19.

Na uzee usiukubali. Lakini ukataliwe kwa sababu yake halisi, na aliyekupendekeza aijue.

Sasa jambo ambalo limeninyima usingizi katika barua yako, nalo umelipitia kwa mstari mmoja tu, katikati ya habari ya kinanda na habari ya machozi. Yule dada katibu.

Alishika daftari la michango. Fedha zilipungua. Maneno yalikuwa mengi. Akahama. Ndugu yangu, maneno hayo yalikuwa juu ya nani? Kama yangekuwa juu yako usingependekezwa kuwa mzee. Umebeba deni la shilingi 368,000 kwa uchungu mkubwa, na pembeni yake kuna deni ambalo hukuliandika kabisa, kwa sababu halina tarakimu: jina la mtu. Kwa miaka mitatu huyo dada akikutana na wanakwaya sokoni anajua wanachokiwaza. Pengine ameacha kuimba. Pengine ameacha kanisa, sijui, wewe ndiye unayejua. Fedha ulizirudisha nyingine. Jina lake hujamrudishia hata senti. Mathayo 5:23 haisemi "ukikumbuka ya kuwa una kosa." Inasema ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka mbele ya madhabahu, uende zako, upatane naye kwanza. Huyo dada anaweza hata asijue kwamba ana neno juu yako. Wewe unajua kwa niaba yake.

Kwa hiyo swali lako, "je, lazima niseme mbele ya kwaya?", jibu lake linatoka kwa huyo dada. Ungekuwa umechukua fedha ya mtu mmoja, ningekuambia nenda kwa huyo mmoja, mmalizane, usiwabebeshe watu wengine. Lakini fedha ni ya kwaya, taarifa ilisomwa kwa kwaya, na lawama zilimwangukia mtu mbele ya kwaya. Palipochafuliwa ndipo panaposafishwa.

Hapa niseme kidogo juu ya Uamsho wa Afrika Mashariki, maana mimi nimelelewa na watu wake. Ule moto uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulikuwa na mizizi katika urafiki wa Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, na daktari Mwingereza, Joe Church, waliokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929 wakakaa na Biblia zao pamoja. Kutoka pale ulipita Uganda, ukafika Kenya na kwetu Buhaya, Tanzania. Watu walirudisha vitu. Waliziungama dhambi kwa majina yake, na neno lao lilikuwa kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Nakumbuka wazee wale walivyokuwa hawana subira na ungamo la jumla. Ukisimama useme "niombeeni, mimi ni dhaifu", mzee mmoja angekuuliza kwa upole sana, "Dhaifu wa nini, ndugu?"

Lakini niliona na upande wa pili. Niliona mtu akisimama katika ushirika na kuungama kwamba amemtamani mke wa jirani, akamtaja, na mama mwenyewe ameketi safu ya tatu na mumewe. Aliyeungama aliketi amepata amani. Yule mama aliondoka na aibu ambayo haikuwa yake. Wazee walimwita yule aliyeungama jioni wakamfundisha kwamba ungamo lisiwe pana kuliko kosa, wala lisimfanye mtu mwingine alipe nauli ya amani yako. Kwa hiyo utakaposimama mbele ya kwaya, usieleze habari za ada ya mtoto kwa kirefu. Mwanao atasikia shuleni kwamba baba aliiba kwa ajili yake. Usiseme mke wako alikushauri nini. Usilie kuliko unavyosema. Maneno kama haya yanatosha: "Kati ya mwezi fulani na mwezi fulani nilichukua shilingi 640,000 za kinanda. Niliandika taarifa ya uongo kwamba bei ilipanda. Dada aliyekuwa katibu hakuhusika kwa lolote, na nilinyamaza aliposhukiwa. Nimerudisha 400,000 kwa siri, iliyobaki nitaileta hivi na hivi. Naacha uhazini leo." Kisha kaa.

Usiende peke yako, hata hivyo. Kuna mtu katika Biblia alirudisha fedha zote, vipande thelathini bila kupungua kimoja, na akaungama kwa sauti: "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia." Ni Yuda, Mathayo 27. Huyo pia, kwa mujibu wa Yohana 12:6, alikuwa mshika mfuko. Alizipeleka kwa makuhani, wakamjibu, "Haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Akatoka peke yake, na unajua alikokwenda. Aliungama, alirejesha, na hakuwa na mtu wa kumpokea. Kwa sababu hiyo anza na mchungaji wako, au mwinjilisti kama ndiye unayemwamini, na mwombe awe kando yako siku hiyo. Wasomaji wangu Wakatoliki wana kitubio, na padri anaweza hata kuwasaidia kurejesha mali bila jina kutajwa, pale ambapo kutajwa si lazima. Kwako wewe ni lazima, kwa ajili ya yule dada.

Kama unaye ndugu au rafiki anayeweza kukuongezea fedha ukamalizie deni kwa mara moja, mwombe, wala usione haya. Paulo alimwandikia Filemoni juu ya mtumwa wake Onesimo: kama amekudhulumu au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu, "mimi nitalipa." Huwezi, basi andikeni makubaliano ya kulipa kila mwezi, na mtu mwingine ashike risiti.

Hasara zitakuwepo. Unaweza kutengwa kwa muda na kurejeshwa kundini kwa utaratibu wa kanisa lenu. Kamati inaweza kusema ipeleke jambo mbele, na siwezi kukuahidi kwamba haitafanya hivyo. Zaburi ya 15 inamsifu mtu asiyebadili maneno yake ingawa ni kwa hasara yake, kwa hiyo haikuficha kwamba hasara ipo.

Kuhusu mke wako, usimwone kama Safira. Anaogopa jina la nyumba yake, na ana haki ya kuogopa. Ila asisikie kanisani. Mketishe leo, umweleze unakwenda kufanya nini na lini, umpe nafasi ya kukasirika, na umwombe radhi kwa kuwa miaka hii mitatu amekuwa akiitunza siri ambayo hakuichagua.

Mpango ninaoupendekeza ni huu. Leo mke wako. Kesho mchungaji, kabla majina ya wazee hayajasomwa. Kisha, kabla ya kwaya na kabla ya kamati, nyumbani kwa yule dada, ukiongozana na mchungaji, na usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo. Mwambie ukweli, mwambie siku utakayosimama mbele ya kwaya, na umuulize kama angependa kuwepo. Akisema hataki kukuona, shukuru utoke. Na akikuuliza kwa nini ulichukua miaka mitatu, usimjibu kwa mstari wa Biblia.